Uzi Mwekundu kwenye Boga

Watoto waliopita kwenye uchochoro ule wakienda shule walimwita Mama Uzi, na jina likamganda mpaka hata waliolijua jina lake halisi wakalisahau. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida: alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani nyuzi hazimwachi. Zilikuwa kwenye nywele zake, kwenye mikono ya blauzi, na mara mojamoja kwenye kikombe cha chai cha mteja. Sababu ya pili ndiyo iliyowachekesha watu. Kila jua lilipoanza kuteremka alikifunika cherehani chake kwa kitambaa, akachukua kidonge cha uzi mwekundu, akazunguka nyuma ya nyumba na kuanza kuyafunga maua ya maboga midomo.

Ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira au mwenye wazimu, na majirani hawakuwahi kukubaliana ni kipi kati ya hivyo viwili. Maua ya boga yako ya aina mbili. Ua dume limekaa juu ya kijiti chembamba, limejinyoosha, halina mzigo wowote. Ua jike lina kiboga kidogo shingoni, cha ukubwa wa kidole gumba, ambacho kinasubiri kupata vumbi la njano la ua dume ndipo kikue. Kisipolipata, kinageuka rangi na kuanguka. Ua litakalofunguka kesho hujulikana leo, maana ncha yake huanza kupoteza ukijani. Mama Uzi aliyafunga hayo, madume na majike, kwa fundo la kulegezeka. Asubuhi na mapema aliamka, akachuma dume, akalichambua majani yake ya njano, akafungua jike na kulipaka lile vumbi taratibu, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya macho. Kisha akalifunga tena. Nyuki akija anakuta mlango umefungwa.

Alikuwa anawafungia nyuki kwa sababu upande wa pili wa wigo yalitambaa maboga ya mama mkwe wake, na nyuki hana ubaguzi. Anatoka ua hili anaingia lile, miguu imejaa vumbi, anachanganya koo za watu bila kuuliza.

Mbegu za Mama Uzi zilitoka kwao. Alizaliwa juu, kwenye nchi ya mawe na upepo, ambako mvua ilikuja kama mgeni mwenye haraka. Maboga ya huko hayakuwa makubwa. Ganda lake lilikuwa la kijivu na gumu kiasi kwamba kisu kiliteleza, na mama yake aliyavunja kwa kuyapigiza kwenye kizingiti cha mlango. Ndani nyama ilikuwa kavu, nzito, tamu mno. Na yalikaa. Yalipangwa chini ya vitanda baada ya mavuno, na mvua nyingine ilipoanza kugonga bati bado yalikuwa yamo, mazima. Watu husema akiba haiozi; katika nyumba ile watoto walilala juu ya ushahidi.

Kutoka utoto huo alibeba picha moja ambayo hakuwahi kuichoka. Yeye ni mdogo, ameshika sketi ya mama yake katikati ya majani mapana yanayowasha miguu. Mama ameinama. Anakata uzi mwekundu kwa meno, mikono inapotea ndani ya majani, anafunga kitu, anasogea, anafunga tena. Mtoto anataka kunyoosha mkono ashike. Mama anamwambia bila kugeuka, "Penye uzi usiguse." Basi, hakuna kingine. Sauti ile, mgongo ule ulioinama, harufu ya majani yaliyochomwa na jua: angeweza kuacha kushona shati katikati, mguu ukasimama kwenye kanyagio, akaviona vyote tena.

Alipoolewa na mwashi mmoja wa bondeni, mama yake alimfungia mbegu kwenye pembe ya leso, akamwambia azipande zisije zikampotea. Bondeni ardhi ilikuwa nyeusi, maji yalikuwa karibu, na mvua ilinyesha mpaka watu wakaichoka. Huko juu, kwa upande wake, mvua ilizidi kupungua. Ukame ulifuatana na ukame, watu wakahama mmoja mmoja, mama yake akafariki, nyumba ikaezuliwa, na mwishowe kwao pakabaki jina tu, hakuna hata mtu wa kumtembelea. Hakuwa na picha ya mama yake. Hakuwa na nguo yake wala sufuria yake. Alikuwa na maboga.

Ndiyo maana siku bwana shamba alipokuja kwenye kikundi cha akina mama na kuwaonyesha jinsi ya kufunga maua ili mbegu isichanganyike, Mama Uzi alihisi machozi yakimlenga. Wenzake waliona ni darasa la mbegu. Yeye alimwona mama yake katikati ya majani na uzi mdomoni. Kumbe ndicho alichokuwa anafanya siku zote, alijiambia, na mimi nimekaa hapa miaka nawaachia nyuki, ni bahati tu hawajayachanganya. Jioni ileile alianza. Alichagua uzi mwekundu, maana wa mama ulikuwa mwekundu, na mtu akimuuliza kwa nini anajisumbua alijibu kwa kifupi kwamba mwacha asili ni mtumwa.

Mama mkwe wake naye hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti iliyotangulia kufika kabla yake, na alimpenda mkwe wake kwa namna ya watu wenye ulimi mkali, yaani kwa kumsema. Maboga yake yalikuwa ya bondeni hasa: makubwa, ya kijani na mistari ya njano, yenye maji mengi. Yalizaa kwa fujo. Mvua ilinyesha wiki nzima na majani yake yakabaki safi. Ubaya wake ni kwamba hayakujua kesho. Mwezi baada ya kuvunwa yalianza kulegea upande mmoja, na nyumba ikanuka. Lakini yeye aliyasifia kama watoto wake. Kila alipomwona mkwe wake amechuchumaa na uzi, alisimama kwenye wigo na kumwambia polepole, kama anayetoa habari ya hali ya hewa, "Mficha uchi hazai, mwanangu."

Ukweli unaouma ni kwamba maboga yale hayakuwa yanazaa. Mwaka wa kwanza wa kufunga maua Mama Uzi alipata ya kutosha. Uliofuata yakapungua. Majani, ambayo huko kwao yalizoea upepo mkavu, yalishikwa na ukungu mweupe mara mvua ziliposhika kasi, kama mtu ameyachekechea unga, na mmea ukaishiwa nguvu kabla ya kukomaza chochote. Kila mwaka alichukua mbegu kutoka kwenye boga moja au mawili yaliyosalimika, watoto wa mama mmoja, na kila mwaka miche iliyotoka ilikuwa michache na dhaifu kuliko ya kabla yake. Mama mkwe aliona pia. Safari hii hakutania. Alisema tu kwamba viumbe wakioana ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi, wanaishia kukohoa.

Mume alikaa katikati, akakataa kuhukumu. Alisema kazi yake ni kuta, na ukuta hauna mama mkwe.

Basi ukaja msimu ambao ulitoka mmea mmoja. Mama Uzi aliuhamishia mahali pakavu kuliko pote nyuma ya nyumba, akauwekea mchanga, akaupalilia kwa vidole. Ndiyo ilikuwa mbegu yote ya mama yake duniani, isipokuwa chache zilizozeeka kwenye kopo. Hakulala vizuri. Akishona, sikio lilikuwa nje, kama mwenye mgonjwa ndani. Na katikati ya hangaiko hilo, shule zikikaribia kufunguliwa na meza imejaa vitambaa vya sare, homa ikamwangusha. Alilala hajitambui, akibwabwaja habari za kola na vifungo, na mama mkwe akahamia chumbani kumwuguza.

Alipoweza kusimama tena, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kujikokota mpaka nyuma ya nyumba. Mmea ulikuwa umeanza kufa kwa ukungu, lakini kwenye shina lake kulikuwa na boga moja, limeshika, linakua, na kwenye ua lake lililonyauka uzi mwekundu ulikuwa umefungwa vizuri. Mama mkwe alimwambia kwamba alifunga yeye. Mama Uzi alimshika mikono yote miwili akamshukuru mpaka yule bibi akageuza uso. Boga lilikomaa. Lilikuwa la kijivu, gumu, la kwao kabisa. Alilivunja mwenyewe kizingitini, akaziosha mbegu, akazianika juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, na siku hizo wateja waliambiwa wasubiri.

Msimu uliofuata kila mbegu iliota.

Haikuwa kuota kwa kawaida. Miche ilitoka ardhini na haraka yake. Majani yalikuwa mapana, meusi kwa ukijani, na mvua iliponyesha mfululizo ukungu ulikuja, ukapaka hapa na pale, ukaondoka. Matawi yalipanda wigo, yakapanda paa la bafu, yakafika kwenye kamba ya nguo ya jirani na kuanza kushuka na mashati. Mama Uzi alitembea katikati yake akiongea peke yake. Alimshukuru mama yake kwa sauti. Aliamini kwamba subira yake ilikuwa imelipwa, kwamba mbegu imeizoea nchi hatimaye, na kwa muda wa wiki kadhaa hakukuwa na mwanamke mwenye furaha kama yeye kwenye uchochoro ule.

Kisha maboga yakaanza kupata rangi. Yalikuwa makubwa. Ganda lilikuwa la kijivu, ndiyo, lakini juu ya ukijivu huo, kutoka kikonyoni mpaka kitakoni, ilishuka mistari ya njano.

Alikaa chini palepale kwenye udongo. Mistari ile aliijua. Aliiona kila siku upande wa pili wa wigo. Boga lililobeba mbegu halikuonyesha kitu, maana ganda ni la mama. Baba hujulikana kwa watoto. Alipoweza kunyanyuka alikwenda mpaka jikoni kwa mama mkwe, akasimama mlangoni, akamwuliza siku ile alipofunga lile ua, ndani aliweka nini.

Mama mkwe hakuzungusha maneno. Alikuwa anapepeta mchele, akauweka chini ungo.

"Lilikuwa jike peke yake, mwanangu. Asubuhi ile upande wako hakukuwa na dume hata moja lililofunguka. Na kile kitoto shingoni kilikuwa kinakwenda kufa. Nikachukua la kwangu."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unaongea na cherehani. Nikuambie nini?"

"Ungeliacha life, Mama. Lingekufa likiwa la kwetu."

Yule bibi aliuinua ungo wake, akaendelea kupepeta. Kwa kipindi kizima cha mavuno hawakusemezana zaidi ya salamu. Mama Uzi alichukua lile kopo la mbegu za zamani na kuzipanda zote, akizipigia magoti. Wadudu walikuwa wamekwisha kuzila viini. Haikuota hata moja. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Ama yale yenye mistari, ama hakuna.

Na tusiwe wanafiki: yale yenye mistari yalikuwa mazuri. Nyama yake ilikuwa nzito kuliko ya bondeni, tamu karibu sawa na ya kwao, na yalikaa miezi kabla ya kulegea. Mume alikula akanyamaza kwa adabu, akaongeza. Binti yao mmoja, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza kusoma, aliomba boga kila siku. Hasira ya Mama Uzi ikaanza kuisha makali. Labda, aliwaza, hili ndilo litakalobaki, na si baya, na mama angelielewa. Akachukua mbegu. Akafunga maua kama kawaida yake, mistari kwa mistari, asije nyuki akaongeza fujo juu ya fujo. Hata na mama mkwe walianza tena kukopeshana chumvi.

Mwaka wa pili ndio uliomvunja. Mbegu zile za maboga mazuri zilitoa kila aina ya kiroja. Hakuna mmea uliofanana na mwenzake. Mmoja ulijaa majani tu bila kuzaa. Mwingine ulizaa vitu vya ukubwa wa ngumi, vichungu. Mwingine ulikuwa na ganda gumu la kijivu kama la kwao, akaufurahia, na mvua ya kwanza ukungu ukaumaliza. Mwingine ulistahimili mvua, lakini maboga yake yalipasuka yakiwa bado shambani na kuoza. Ilionekana kila mmoja umechukua kasoro za pande zote mbili na kusahau sifa. Yale ya juu yalijua kuishi juu. Haya ya bondeni yalijua kuishi bondeni. Haya mapya hayakujua kuishi popote.

Alilia. Alilia akishona, waziwazi, machozi yakiangukia sare za watoto wa watu, na hakujificha. Alikuwa amepewa kitu kimoja na mama yake, na kimeharibikia mikononi mwake. Mama mkwe alikuja akakaa kwenye benchi la wateja. Bila utani wowote, alisema tu kwamba hakujua itakuwa hivi. Mama Uzi alimjibu kuwa anajua. Maji yakimwagika hayazoleki, na wote wawili walilifahamu hilo bila kulisema.

Hapo ndipo mama mdogo alipokuja. Alikuwa mdogo wake marehemu mama, wa mwisho aliye hai kati ya wazee wao walioijua nchi ile ya juu, na alikuwa amepita kumwona mtoto wa dada yake akiwa njiani kwenda kwa wanawe. Mama Uzi alimpokea kwa furaha iliyochanganyika na aibu, kama mtu aliyeunguza nyumba ya urithi na mwenye kiwanja amekuja kutembea. Alimweka barazani, akampa chai, akampigisha soga za kila aina ili asiende nyuma. Lakini mwili wa mzee una mahitaji yake, na bafu lilikuwa nyuma.

Alikaa huko muda mrefu. Mama Uzi alipomfuata alimkuta amesimama katikati ya maboga, ameegemea fimbo, anatazama maua yaliyofungwa nyuzi nyekundu, huku na huku, kama watoto waliofungwa mabandeji.

"Haya yana nini? Yanaumwa?"

Mama Uzi akamweleza yote, kuanzia leso mpaka homa, akamalizia kwamba alikuwa anafanya kama alivyofanya mama. Alimwona kwa macho yake, na uzi mwekundu.

Mama mdogo alianza kucheka. Alicheka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaendelea. Kisha akaona uso wa mtoto wa dada yake, akaacha.

"Dada hakuwahi kufunga ua hata siku moja. Na nyuki wa kule asingewaweza. Alikuwa anafunga kikonyo, mwanangu. Boga likishakuwa boga. Anazunguka, anatazama lililostahimili mwaka ule, lenye ganda, lenye majani mazima, analifunga uzi ili nyinyi mafisi msilipike. Hilo ni la mbegu. Ndiyo ile penye uzi usiguse."

Mama Uzi alikuwa tena katikati ya majani, ameshika sketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijaribu kuangalia mikono ya mama inafunga nini. Hakuweza kuona. Majani yalikuwa mengi, na yeye alikuwa mfupi.

Mama mdogo hakuwa amemaliza. Alisema yale maboga ya kijivu anayoyalilia hayakushuka kutoka mbinguni. Mbegu moja dada alitoka nayo kwao, nyingine aliikuta kwa wakwe zake, na nyuki wakafanya kazi yao. Mwaka wa kwanza watu walishangilia. Wa pili yakatoka madudu hata mbuzi akayakataa. Dada aliyatazama yale madudu, akakuta moja ambalo si dudu, akalifunga uzi. Mwaka uliofuata akafunga mengine. Aliendelea hivyo mpaka wao wote wakasahau kuwa yaliwahi kuwa vingine.

"Kwa hiyo hakukuwa na la kwetu," alisema Mama Uzi.

"Lilikuwepo. Lilikuwa la kwetu kwa sababu alilichagua. Lete huo uzi."

Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa upande wa pili wa wigo akijifanya anaokota kuni, alipita kwenye pengo bila kukaribishwa. Wale bibi wawili walizunguka shamba lile dogo mpaka jua likageuka, wakigeuza majani kuangalia mgongo wake, wakigonga maboga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, wakibishana kwa raha kama watu waliofahamiana tangu utoto. Mengi waliyapita bila huruma. Mwishowe walisimama kwenye mmea mmoja uliokuwa pembeni, ambao Mama Uzi alikuwa karibu kuung'oa kwa sababu haukuwa na umbo. Maboga yake yalikuwa mawili, ya wastani, yamebonyea kidogo, ya rangi ambayo si kijivu na si kijani. Lakini ganda lilikataa ukucha, na majani hayakuwa na unga. Mama mdogo alikata uzi kwa meno, yale aliyobakiwa nayo, akampa mtoto wa dada yake afunge.

Akafunga kikonyo. Maua akayafungua yote jioni ileile, moja moja.

Miaka iliyofuata haikuwa ya miujiza. Kuna misimu aliyofunga uzi maboga matatu, na kuna msimu aliofunga moja na kujuta. Sheria zake zilikuwa mbili tu: majani yastahimili mvua, na boga likae chini ya kitanda. Yaliyooza aliwapa kuku. Mama mkwe alikuwa jaji mwenzake, na ubishi wao ulisikika mpaka barabarani. Polepole yale madudu yakapungua, maboga yakaanza kufanana, na mwaka mmoja mvua ilipoanza kugonga bati Mama Uzi aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, na mkono ukakuta kitu kizito, kizima. Alikaa sakafuni nacho mapajani. Alimwita mama mkwe, aliyekuwa amezeeka sana kufikia hapo na akitembea kwa kushika kuta za mwanawe. Walilivunja kizingitini.

Bibi alitafuna kwa muda mrefu, maana meno hayakuwepo. "Hili si langu," akasema.

"Wala si la mama yangu."

"Basi ni la mwenye kisu. Nikatie tena."

Alifariki kabla ya mavuno mengine. Mama Uzi alimlilia kama alivyomlilia aliyemzaa, na kwa miezi mingi akiwa nyuma ya nyumba alijikuta akigeukia wigo kuuliza, hili unalionaje, na pale hapakuwa na mtu. Kuna kukumbuka kunakopita na kuna kunakokaa. Huku kulikaa.

Sasa macho yake hayaoni tundu la sindano, na cherehani kimefunikwa mchana na usiku. Binti yake, yule aliyeomba boga kila siku, amepata kazi mbali, kwenye nchi tambarare ya mchanga na joto, ambako maji ya kisima yana chumvi. Siku ya kuondoka mama yake alimfungia mbegu kwenye pembe ya leso, akaweka na kidonge cha uzi mwekundu. Binti alicheka kwanza. Kisha akauliza kitu ambacho kilimfanya mama yake akae.

"Huko majirani wana maboga yao. Nifunge maua?"

Tuseme kweli, roho ilimtuma Mama Uzi aseme ndiyo. Alitaka kusema funga, funga kila kitu, usimwache nyuki aguse, kwa maana humo ndani yupo mama yangu na yupo bibi yako. Alijaribu kukumbuka ladha ya boga la kijivu la utotoni, ili aone kama hili lililomo kwenye leso linafanana nalo. Haikuja. Ilikuwa imekwenda, hakujua lini. Kilichokuja ni mgongo ulioinama, na mikono miwili ndani ya majani.

"Acha wazi," akasema. "Mwaka wa kwanza utafurahi. Wa pili utalia, utataka kung'oa yote. Using'oe. Zunguka uangalie lililosimama, hata kama ni moja, hata kama ni baya la sura. Hilo ndilo ulifunge uzi."

"Na nikikosea kuchagua?"

"Utachagua tena."

Binti aliifunga leso na kuiweka chini kabisa ya begi, mahali pasipobanwa. Alipokwishaondoka Mama Uzi alizunguka nyuma ya nyumba. Ilikuwa bado asubuhi, maua yote yalikuwa wazi, na nyuki walikuwa wengi. Alipita katikati yao polepole, akipapasa chini ya majani kwa mikono yake miwili, akitafuta la mwaka huu.